Cheryl Miller Aliwahi Mno

Mdogo wangu ana ugonjwa wa orodha. Kumi bora wa zama zote, watano bora wa karne hii, nani zaidi ya nani. Juzi kanitumia orodha yake ya wachezaji bora wa kike wa mpira wa kikapu. Nikaisoma toka juu mpaka chini, kisha nikamjibu kwa neno moja.

"Cheryl?"

"Cheryl yupi, dada?"

"Miller."

Kimya kidogo. Najua alikuwa anamtafuta kwenye simu. Halafu, kana kwamba ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani ndiyo kipimo pekee: "Huyu kacheza misimu mingapi WNBA?"

"Hata mmoja hajacheza."

"Basi."

Lugha yetu ina "basi" nyingi. Ipo ya kuridhia, ipo ya kubembeleza, ipo ya kumnyamazisha mtoto anayelia. Hii yake ilikuwa ile ya kufunga mlango na kutia komeo. Nikamwacha, maana usiku ulikuwa umekwenda, lakini usingizi nao ukawa umeniruka. Nilicheza mchezo huu miaka yangu ya shule, nikisimamishwa chini ya kikapu kwa ajili ya urefu tu wala si ufundi, na yapo mambo machache ninayoweza kuyabishia mpaka alfajiri. Hili ni mojawapo. Kwa hiyo makala hii ni jibu langu kwake, refu kuliko alivyoomba, na ninyi wengine karibuni msikilize ugomvi wa ndugu.

Tuanzie kwao, maana nao walikuwa ndugu wa kubishana. Riverside, California, mji ulio mashariki ya Los Angeles. Cheryl alizaliwa Januari 3, 1964, akiwa wa tatu katika watoto watano wa mzee Saul Miller. Kaka yake Darrell alikuja kudaka mipira katika timu ya besiboli ya California Angels. Tammy, kitinda mimba, alishika mpira wa wavu. Na kati ya Cheryl na Tammy kuna Reggie, ambaye mdogo wangu anamjua vizuri sana, kwa kuwa Reggie alicheza Indiana Pacers miaka 18 na yumo kwenye orodha zake kadhaa. Reggie huyo alizaliwa na kasoro kwenye nyonga, akavalishwa vyuma miguuni akiwa mdogo. Vyuma vilipovuliwa na yeye kutoka nje kwenda kucheza kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, alimkuta dada yake keshautawala. Ule mtupo wa Reggie unaopaa juu sana kabla ya kushuka, ule uliowaumiza New York Knicks miaka ya tisini, mwenyewe anasema ulizaliwa hapo: ilibidi aupandishe mpira upite juu ya mikono ya Cheryl, la sivyo ungerudishwa usoni mwake.

Kuna kisa kingine anachokipenda. Wanakwenda viwanja vya jirani, Cheryl anajificha kwenye vichaka. Reggie, mwembamba kama ufito, anawatafuta vijana wawili na kuwaambia: mimi na dada yangu dhidi yenu, tuweke dola kumi. Vijana wanacheka, wanakubali. Ndipo vichaka vinapotikisika na kutoka msichana anayeelekea kufikia mita 1.88. Pesa zinakwenda kununua chakula.

Sasa ile siku. Januari 26, 1982. Reggie anarudi nyumbani amefura kwa furaha, kafunga pointi 39 katika mechi ya shule. Anamuuliza dada yake, na wewe je? Cheryl alikuwa kafunga 105.

Mia moja na tano, peke yake, katika mechi moja. Timu yake, Riverside Poly, iliwafunga Norte Vista 179 kwa 15. Inasemekana kwamba siku hiyohiyo alidanki, yaani aliruka na kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono, jambo ambalo wakati ule halikuwa likionekana katika mechi za wanawake. Watu wengi husimulia habari hii kwa kupiga makofi. Mimi huishia kuwawaza wale wa upande wa pili. Mtu aliyewahi kufungwa kwa tofauti ya pointi sitini, kama sisi siku moja ambayo sitaisema ni lini, anajua robo ya mwisho inavyokuwa: miguu imekufa, refa anakwepa kukutazama, na bado ni lazima uutoe mpira nje ya mstari, umpe mwenzako, mpande tena. Mwaka 1990 msichana mwingine wa California, Lisa Leslie wa shule ya Morningside, alifunga 101 kabla ya mapumziko. Rekodi ya Cheryl ilikuwa mkononi. Wapinzani wakakataa kurudi uwanjani kipindi cha pili, na mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo nasema, ile 105 ina deni lisilolipwa kwa wasichana wa Norte Vista waliobaki mpaka kipenga cha mwisho.

Sekondari alimaliza akiwa ameshinda mechi 132 na kupoteza nne. Sina la kuongeza hapo.

Vyuo vyote vilimtaka, akachagua USC, Chuo Kikuu cha Southern California, pale Los Angeles, mwendo wa gari wa saa moja hivi kutoka kwao barabara zikiwa wazi. Hapa mdogo wangu inabidi atulie kidogo, kwa sababu tarehe ndizo zenye maana. Sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ilipitishwa mwaka 1972. Cheryl alikuwa na miaka minane. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa wanawake katika mpira wa kikapu mwaka 1982, na yeye alitia mguu chuoni miezi michache baadaye. Alikuta rangi ya ukuta bado mbichi. Waliomtangulia kwa miaka kumi tu walikuwa wakishona jezi zao wenyewe na kusafiri kwa magari ya kuazima. Yeye alipewa ufadhili kamili, wapiga picha wakamfuata, naye akawapulizia mabusu mashabiki na kunyoosha kidole juu kila alipofunga. Wapo waliomwona mjivuni. Mimi nadhani alijua kwamba mchezo ulihitaji mtu wa kutazamwa, naye alifurahia kazi hiyo.

Timu aliyoikuta haikuwa ya mchezo. Pamela na Paula McGee, mapacha warefu kutoka Michigan, walitawala chini ya kikapu. Kocha alikuwa Linda Sharp. Na kulikuwa na mlinzi mmoja mwembamba aliyekulia Watts, mtaa wa Los Angeles, anakimbia kama upepo, anazuia, anapasia wengine, na magazeti hayakuwa na muda naye. Jina lake Cynthia Cooper. Mshikilie huyo.

Fainali ya mwaka 1983 ilichezwa Norfolk, Virginia. Wapinzani walikuwa Louisiana Tech, mabingwa watetezi, timu yenye Janice Lawrence na yule Kim Mulkey mfupi mwenye nywele za kusuka mikia, ambaye leo ni kocha na mavazi yake humfikisha kwenye habari kabla ya timu yake. Tech waliongoza mapumziko, na si kwa pointi mbili tatu. USC wakarudi taratibu, wakabana uwanja mzima, wakashinda 69 kwa 67. Cheryl alifunga 27 akiwa mwaka wa kwanza chuoni, akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho.

Nimeitafuta sana picha ya mechi zile. Kilichopo ni vipande vilivyofifia, mistari inapita skrini nzima, rangi nyekundu ya USC imekuwa kama ya tofali. Lakini mtazame akienda kugombea mpira unaodunda kutoka kwenye ringi. Mimi nilifundishwa kumzuia mpinzani kwanza kwa mgongo, halafu ndipo uruke. Yeye anafanya yote mawili kwa pamoja, halafu akitua hatulii: mguu ukigusa sakafu tayari anaruka tena, mara ya pili, kabla mabeki hawajamaliza kushuka kutoka mara ya kwanza. Ile ruka ya pili ndiyo nilikuwa nikimwonyesha mdogo wangu kwa vidole vyangu viwili juu ya meza. Ni jambo la magoti. Kumbukeni hilo pia.

Mwaka uliofuata ubingwa tena, 72 kwa 61, safari hii ndani ya Pauley Pavilion, ukumbi wa UCLA, watani wao wa jadi. Kuchukua kombe sebuleni kwa mtani wako ni utamu ambao haupatikani dukani. Waliofungwa siku hiyo ni Tennessee, timu ya kocha kijana aitwaye Pat Summitt.

Na hapa ndipo timu ya chuo na timu ya taifa zinapokutana. Summitt huyohuyo alikuwa ndiye kocha wa Marekani kwa Olimpiki ya Los Angeles kiangazi kile. Aprili Cheryl anamnyang'anya kombe, miezi minne baadaye Summitt anampanga uwanjani kwa ajili ya dhahabu. Wawili hawa walikuwa wameshaonja uchungu pamoja. Mwaka 1983, kwenye Ubingwa wa Dunia nchini Brazili, walifungwa fainali na Muungano wa Kisovieti 84 kwa 82. Pointi mbili. Wasovieti walikuwa na Uljana Semjonova, mwanamke wa Latvia mwenye urefu unaozidi mita mbili, na walikuwa wamechukua dhahabu mbili za kwanza za Olimpiki za mchezo huu kwa wanawake, 1976 na 1980. Kwa hiyo 1984 deni hilo lilikuwa lilipwe. Halikulipwa, maana Wasovieti walisusia michezo.

Wamarekani walishinda mechi zote sita, fainali wakiwafunga Korea Kusini 85 kwa 55. Wachezaji wakambeba Summitt mabegani. Wapo wanaosema ile dhahabu ina doa kwa kuwa mshindani mkuu hakuwepo. Sawa, wana haki. Lakini mimi nikikumbuka usiku ule wa Agosti 7, sikumbuki alama. Namkumbuka Pam McGee. Yeye na pacha wake walikuwa wametafuta nafasi kwenye timu ya taifa pamoja, Pam akachukuliwa, Paula akaachwa. Baada ya kuvishwa medali Pam alimwendea Paula, akaivua, akamvisha. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado ninapofika pale hutazama pembeni kwanza.

Tukirudi kwenye hesabu, maana ndizo mdogo wangu anazozipenda. Miaka minne USC: pointi 3,018, mipira ya kudunda 1,534, wastani wa pointi 23.6 na mipira 12 kila mechi. Tuzo ya Naismith ya mchezaji bora wa vyuo alichukua mara tatu mfululizo, 1984 mpaka 1986. Timu ilishinda mechi 112, ikapoteza 20. Yeye atanijibu, najua, kwamba Caitlin Clark, nyota wa zama hizi, alimaliza chuo cha Iowa na pointi 3,951. Kweli. Clark pia alipata mitupo 548 ya pointi tatu. Ya Cheryl ni sifuri, kwa sababu mstari wa pointi tatu ulichorwa kwenye mechi za wanawake wa vyuo msimu wa 1987/88, yeye keshaondoka. Hata mpira wenyewe: misimu yake miwili ya kwanza wanawake walichezea mpira wa saizi ya wanaume, ule mdogo ukaanza kutumika 1984/85. Sisemi Cheryl ni bora kuliko Clark. Nasema ukiwapima kwa kipimo kimoja, ujue kimoja kati ya vikapu hivyo kilikuwa kwenye uwanja mwingine kabisa.

Mwaka wake wa mwisho, 1986, USC walifika tena fainali, Lexington, Kentucky. Wakakutana na Texas ambayo haikuwa imefungwa msimu mzima. Wakachapwa 97 kwa 81, na Texas ikawa timu ya kwanza ya wanawake kumaliza msimu wa NCAA bila kupoteza, mechi 34. Ndivyo ilivyokwisha kwa jezi nyekundu. Chuo kikaistaafisha namba yake, 31. Hakuna mchezaji wa kikapu wa USC, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake.

Kiangazi hicho akaenda Moscow, na deni likalipwa. Mara mbili, kwa mwezi mmoja na ushee. Julai kwenye Michezo ya Nia Njema (Goodwill Games), Marekani 83, Wasovieti 60. Agosti kwenye fainali ya Ubingwa wa Dunia, mji uleule, mbele ya watu walewale, 108 kwa 88. Kocha alikuwa Kay Yow. Fikiria kufungwa nyumbani kwako hivyo, tena na timu uliyozoea kuifunga. Kwangu mimi dhahabu yake ya kweli ni hiyo ya Moscow, ingawa ile ya Los Angeles ndiyo yenye picha nzuri.

Alikuwa na miaka 22.

Na baada ya hapo? Hakuna. Namaanisha hakuna ligi nyumbani iliyodumu. Ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, WBL, ilianza 1978 ikafa 1981, wachezaji wengine wakiwa hawajalipwa mishahara. WNBA ingekuja 1997. Kati ya hapo kuna miaka 16 ya ligi zilizojaribiwa zikafa haraka, ambamo mchezaji bora wa chuo, mwenye dhahabu ya Olimpiki na ya Ubingwa wa Dunia kwenye kabati, alikuwa na njia mbili: apande ndege aende kucheza Ulaya au Japani, au asubiri timu ya taifa imwite kila baada ya muda. Reggie mwaka uliofuata, 1987, aliingia NBA kama mchezaji wa 11 kuchaguliwa. Dada mtu, aliyemfundisha kurusha, hakuwa na mlango wa kubisha.

Halafu goti.

Magoti ya wanawake wanaocheza kikapu yana historia yake. Kano ya mbele, ile inayoushika mfupa wa muundi usitoroke mbele ya paja, hukatika kwa wasichana mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana wa mchezo huohuo, na mara nyingi bila kuguswa na mtu. Unatua, unageuka, mguu unabaki nyuma ya wazo lako. Langu lilikwenda hivyohivyo, kwenye mazoezi ya jioni ya kawaida tu. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia mlio, kama kijiti kikavu kinavyovunjwa chini ya maji. Nikasimama. Nikadhani nimepona. Nikapiga hatua ya pili na goti likaenda kulia mimi nikaenda kushoto. Mpaka leo nikishuka ngazi nashika ukuta, na mvua ikikaribia huwa najua kabla ya watabiri. Lakini mimi nilikuwa mchezaji wa kujazia namba. Dunia haikupungukiwa.

La Cheryl liliharibika mwishoni mwa miaka ya themanini, akiwa katika umri ambao wengine ndio wanachanua. Olimpiki ya Seoul ya 1988 ikampita. Marekani walishinda dhahabu bila yeye. Ile ruka ya pili niliyokuwa nikiiigiza kwa vidole ikawa haipo. Akawa mtangazaji, na akawa mzuri. Aliifundisha USC misimu miwili kuanzia 1993, na tusifiche, aliingia kwenye kiti chenye moto: aliyemtangulia, Marianne Stanley, alikuwa ameondoka katika mgogoro wa kudai alipwe sawa na kocha wa timu ya wanaume, na wako makocha wanawake waliomkasirikia Cheryl kwa kuikubali kazi ile. Nami sijawahi kulifikia uamuzi jambo hilo. Namwelewa, na nawaelewa waliokasirika. Kwenye timu aliyoikuta alikuwemo Lisa Leslie, yule wa 101.

Machi 2025 nilikuwa naangalia USC tena, safari hii kwa ajili ya JuJu Watkins, binti wa Watts anayejaza ukumbi kama Cheryl alivyojaza. Raundi ya pili ya mashindano, dhidi ya Mississippi State, anakwenda kwa kasi kuelekea kikapuni, mguu wa kulia unakataa, anaanguka ameshika goti. Nilijikuta na mimi nimeshika langu. Kano ileile. Akabebwa kutoka nje, akafanyiwa upasuaji, akakosa msimu uliofuata wote. Lakini nilipotulia nikawaza tofauti iliyopo. Mtoto huyu ana madaktari, ana mikataba ya matangazo inayolipa angali chuoni, na ana ligi inayomngoja hata akichelewa mwaka mzima. Cheryl angechelewa, angechelewa kwenda wapi?

Sasa turudi kwa yule mlinzi mwembamba niliyesema mshikilieni.

Cynthia Cooper alizaliwa Aprili 1963. Cheryl Januari 1964. Cynthia ni mkubwa kwa miezi isiyofika tisa. Walipomaliza chuo mwaka mmoja, 1986, Cheryl alikuwa jina, Cynthia alikuwa "na wengineo". Cynthia akapanda ndege. Hispania msimu mmoja, kisha Italia, Parma hasa, miaka kumi akifunga pointi kwenye kumbi ndogo ambazo hakuna televisheni ya Marekani iliyozijua. Akajifunza Kitaliano. Akaongoza ufungaji. Kwao hakuna aliyeuliza.

Juni 1997 WNBA ikaanza. Cynthia alirudi akiwa na miaka 34, umri ambao wachezaji hupewa saa ya ukutani na hotuba, akavaa jezi ya Houston Comets na kuwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka uliofuata akawa tena. Houston walichukua makombe manne ya kwanza ya ligi, 1997 mpaka 2000, na fainali zote nne mchezaji bora alikuwa yeye. Alikuwa na njia yake ya kushangilia: anainua mikono yote miwili juu kama anayepandisha paa la nyumba. Sijawahi kuona mwanamke akifurahia kuchelewa namna ile.

Na Cheryl? Cheryl alikuwa na miaka 33 ligi ilipoanza. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa vidole. Alikuwa mdogo kuliko mchezaji bora wa ligi. Lakini alikuwa kocha, Phoenix Mercury, amesimama pembezoni mwa uwanja.

Septemba mosi, 1998, Houston, mechi ya tatu ya fainali. Phoenix walishinda ya kwanza 54 kwa 51. Ya pili wakaipoteza kwa muda wa nyongeza, 74 kwa 69, na mtu akikwambia ilikuwa ya haki au haikuwa, inategemea anashabikia nani. Ya tatu ndiyo ya kombe. Cheryl kavaa nguo za kikocha, anapiga kelele, anapigapiga makofi, anachuchumaa pale kwenye mstari halafu anasimama kwa kusukuma paja kwa mkono. Nyie wenye magoti mazima hamtaiona. Mimi niliiona. Mbele yake Cynthia anakata kushoto, anarudi kulia, mkono unapanda, mpira unaingia. Houston 80, Phoenix 71. Wawili wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, wenye medali za ubingwa zilezile za 1983 na 1984: mmoja anainua paa, mwingine anakwenda kumpa mkono.

Najua watu hupenda kusema Cheryl alifungua njia ili wengine wapite. Siipendi kauli hiyo. Inamgeuza mtu kuwa mlango. Hakucheza ili kuwafungulia wengine. Alicheza kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia, na angetaka kucheza WNBA kwa mshahara na kiatu chenye jina lake kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Alizaliwa mapema kidogo, goti likamalizia. Jumba la Umaarufu la Naismith lilimwingiza mwaka 1995, kabla ligi haijazaliwa, kwa kile alichofanya shuleni, chuoni na kwenye timu ya taifa tu. Miaka 17 baadaye Reggie naye akaingia, na aliyekaa jukwaani kumpokea ni dada yake.

Nilimtumia mdogo wangu sehemu hizi moja moja, kadiri nilivyokuwa naandika. Hakujibu mengi. Alituma uso mmoja unaocheka kwenye kisa cha vichaka, na pale kwa mapacha akaandika "duh". Jana akaja na hoja mpya: mchezo bora wa wanawake aliowahi kuutazama ni ule wa Nyota wa WNBA wa Julai 2024, Phoenix. Aliutazama mpaka mwisho, usiku wa manane, na asubuhi yake alikuwa na kazi. Caitlin Clark na Angel Reese timu moja, Arike Ogunbowale akafunga 34, wakaifunga timu ya taifa iliyokuwa inajiandaa kwenda Olimpiki ya Paris, 117 kwa 109. Akanihesabia wachezaji wote kumi na wawili bila kukosea.

Nikamwuliza, na kocha wao alikuwa nani?

Ni saa mbili asubuhi sasa. Naona vile vidoti vitatu vinachezacheza kwenye skrini, vinapotea, vinarudi.